Anayedhoofika Polepole Naye Ahesabiwe



Katika parokia zetu tumezoea kuutambua ugonjwa unaokuja kwa kishindo. Malaria ikimwangusha mtu asubuhi, jioni majirani wote wamekwisha kupata habari. Kipindupindu kikiingia mtaani, maji ya kunywa huchemshwa siku hiyo hiyo. Lakini wako wagonjwa ambao maradhi yao hayapigi hodi. Fikirini dada wa kwaya aliyekuwa akipanda kilima cha parokia bila kusimama. Mwaka huu anapumzika mara moja njiani, mwaka ujao mara mbili, kisha anaanza kukosa mazoezi ya Jumamosi, na mwishowe Misa yenyewe. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kusema: leo ameugua. Na kwa kuwa siku hiyo haipo, watu humtafutia maelezo mengine: amekuwa mvivu, ameingiwa na majivuno, amelogwa na mtu wa ukoo wake.

Tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo, na juu ya kazi ya watu walioufuatilia kwa miaka mingi, hatua kwa hatua. Msimamo wetu ni huu: udhaifu unaoongezeka polepole unaweza kupimwa, na bila kuupima hakuna awezaye kujua kama tiba fulani inasaidia au haisaidii. Kwa hiyo kumwacha mtu adhoofike mwaka hata mwaka, bila yeyote kuuliza, kuandika wala kulinganisha, ni namna ya kumtupa, hata kama tunamtaja katika sala zetu kila juma.

Madaktari wa nchi yetu, ambao hujifunza kazi yao kwa Kifaransa, huuita ugonjwa huo sclérose en plaques. Sisi tutauita sklerozi ya mabaka. Ubongo na uti wa mgongo hupeleka amri zake kwa njia ya nyuzi nyembamba za neva, na nyuzi hizo zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mielini, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kulishambulia ganda hilo. Mahali palipoharibiwa hubaki kovu gumu, nalo ndilo baka. Amri ya ubongo ikipita hapo huchelewa, au hupotea njiani. Kufuatana na mahali baka lilipo, jicho moja huingiwa na giza, mkono hufa ganzi, miguu hupepesuka, mkojo hauzuiliki, au mtu huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Mwaka 2020 wagonjwa wake duniani kote walikadiriwa kuwa milioni 2.8. Huwapata wanawake angalau mara mbili kuliko wanaume, na kwa wastani mgonjwa huambiwa jina la ugonjwa wake akiwa na umri wa miaka 32. Ni umri wa kulea watoto wadogo na wa kujenga nyumba. Ni umri wa wengi wanaowaongoza ninyi katika vikundi vyenu.

Kabla ugonjwa huu haujapewa jina, tayari ulikuwa ukiwadhoofisha watu. Wakatoliki wa Uholanzi wanamheshimu Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, aliyezaliwa mwaka 1380. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alianguka juu ya barafu akicheza na wenzake. Tangu hapo kutembea kulizidi kuwa kugumu kwake, akaishia kulala kitandani mpaka kufa kwake mwaka 1433. Wako madaktari wa siku hizi waliosoma habari za maisha yake na kudhani kwamba huenda aliugua sklerozi ya mabaka. Wengine hawakubali, na sasa hakuna awezaye kuthibitisha.

Ushuhuda ulio wazi zaidi ni ule wa Augustus d'Este, mjukuu wa mfalme George III wa Uingereza. Mwezi wa Desemba 1822, akiwa na umri wa miaka 28, alihudhuria mazishi ya ndugu aliyempenda sana. Muda mfupi baadaye macho yake yakaharibika, hata ikambidi asomewe barua zake na wengine. Kisha yakapona. Yakaharibika tena, yakapona tena. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika katika daftari lake mambo yaliyompata: siku alipoona vitu viwili mahali palipo na kimoja, siku miguu ilipomkataa, jinsi kutembea kulivyomshinda kidogo kidogo, hadi kiti cha magurudumu. Alikufa mwaka 1848 bila mtu yeyote kujua jina la ugonjwa wake. Miaka mia moja hivi baadaye madaktari walilisoma daftari lile, na kwa maneno yake mwenyewe wakautambua ugonjwa. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kalamu, tarehe, na uaminifu wa kuandika siku mbaya na siku njema vilevile.

Mwaka 1868, huko Paris, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière alieleza ugonjwa huu kwa utaratibu na kuupa jina lake la Kifaransa. Alikuwa amewachunguza wagonjwa wakiwa hai, kisha akayaona mabaka katika ubongo na uti wa mgongo wa waliokufa. Lakini jina peke yake halituambii kama mgonjwa anazidi kulemaa, anapata nafuu, au amesimama pale pale. Kwa hilo kilihitajika kipimo.

Kipimo kilichoenea kuliko vyote kilitolewa na John Kurtzke, daktari wa neva wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika huduma ya askari wa zamani. Mwaka 1955 alipanga ulemavu wa wagonjwa hawa katika madaraja kuanzia 0 hadi 10, na mwaka 1983 akakipanua kipimo hicho kwa kuingiza nusu daraja. Mtu wa daraja la 0 hana dalili yoyote inayoonekana kwa daktari. Wa daraja la 4 anatembea meta 500, yaani kama urefu wa viwanja vitano vya mpira, bila msaada wala kupumzika. Wa daraja la 5 anaishia meta 200. Wa daraja la 6 anahitaji fimbo ili atembee meta 100. Wa daraja la 7 hawezi kupita meta 5 hata akisaidiwa, na maisha yake ni ya kiti cha magurudumu. Wa daraja la 9 yumo kitandani, ila bado anaweza kusema na kula. Daraja la 10 ni kifo kilicholetwa na ugonjwa huo.

Angalieni vyombo vinavyohitajika hapo: macho na mikono ya daktari, nyundo ndogo ya kugonga magoti, na njia ya kutembelea. Kituo cha afya chochote kina njia ya meta 100.

Kipimo kilipopatikana, kazi ya kungoja ikaanza. Katika mji wa Lyon, Ufaransa, daktari Christian Confavreux na wenzake walikuwa na daftari kubwa la wagonjwa ambao walifuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2000 walitangaza mambo waliyoyaona kwa wagonjwa 1844. Wagonjwa 1562 kati yao walianza kwa mashambulio: dalili huja, hukaa kwa siku au majuma, kisha hupungua au huondoka kabisa. Wengine 282 walianza kwa kudhoofika mfululizo, pasipo mapumziko. Nusu ya wale wa kwanza walikuwa wamefika daraja la 4 baada ya miaka 11 hivi, la 6 baada ya miaka 23, na la 7 baada ya miaka 33. Kwa wale wa pili, nusu yao walifika daraja la 6 baada ya miaka 7 tu, na la 7 baada ya miaka 13.

Lakini jambo lililowashangaza wengi lilikuwa jingine. Mgonjwa akishafika daraja la 4, safari yake kwenda daraja la 6 ilichukua muda karibu ule ule, kati ya miaka 5 na 6, awe aliandamwa na mashambulio au hakuandamwa. Maana yake ni kwamba katika ugonjwa huu mna mambo mawili. Kuna moto unaowaka waziwazi, ambao kila mtu anauona mgonjwa anapoanguka au kupofuka ghafula. Na kuna moto ulio chini ya majivu, unaokula polepole hata siku ambazo mgonjwa anasema hajambo. Huo wa pili jicho la jirani haliwezi kuuona. Uligunduliwa kwa kuhesabu tu.

Tusizipite nambari hizo kama mtu anayepita kandokando ya makaburi asiyowajua wenyewe. Nyuma ya kila moja kuna mtu aliyerudi kwa daktari mwaka baada ya mwaka, akatembea mbele yake, na kukubali iandikwe kwamba safari hii ameshindwa kufika pale alipofika mwaka jana. Wengi wao walijua kwamba faida ya kazi hiyo itawafikia wengine, si wao.

Vilevile kipimo cha Kurtzke kina upungufu wake, na watafiti wenyewe wameukiri. Kuanzia daraja la 4 kinaitazama miguu zaidi ya kitu kingine chochote. Jacqueline du Pré wa Uingereza alikuwa mmoja wa wapigaji mashuhuri wa selo, lile zeze kubwa la kuketi. Vidole vyake vilianza kupoteza hisia, na mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 28, aliambiwa kwamba ana sklerozi ya mabaka. Alikufa mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 42. Katika kipimo kinachohesabu meta za kutembea, ganzi ya vidole ni jambo dogo. Kwake yeye ilikuwa mwisho wa kazi yake yote. Fundi wa kushona, fundi wa saa na mwandishi wa hesabu za ushirika wangesema hivyo hivyo. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliongeza vipimo vingine: kutembea mwendo wa meta 7.6 kwa saa mkononi, kuingiza vijiti tisa katika matundu tisa kwa kila mkono, na kujumlisha nambari zinazosomwa kwa haraka. Hivyo mikono na akili navyo vilipata nafasi katika hesabu. Uchovu mpaka leo ni vigumu kuupima, nao ndio unaowafanya wagonjwa wengi waitwe wavivu.

Je, hesabu zote hizo zimezaa nini? Mwaka 1993 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulio, iitwayo interferoni beta. Nyingine zilifuata. Lakini wale wanaodhoofika mfululizo tangu mwanzo waliendelea kungoja. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 732 wa namna hiyo. Theluthi mbili yao walipewa dawa iitwayo okrelizumabu, na theluthi moja walipewa dawa bandia isiyo na nguvu. Wagonjwa hawakujua ni nani amepewa nini. Katika kila wagonjwa 100 waliopata dawa bandia, 39 hivi walizidi kulemaa, na hali hiyo ikathibitishwa baada ya majuma 12. Katika kila 100 waliopata dawa ya kweli, walikuwa 33 hivi. Tofauti ni ya watu sita katika mia.

Watu sita katika mia! Mtu atasema ni kidogo, na kweli si uponyaji. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi hilo la wagonjwa kupata dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yao. Na hapa ndipo tunapowaomba mfikiri sana. Tofauti ya watu sita katika mia hakuna shahidi mmoja awezaye kuiona kwa macho yake, hata awe mwaminifu namna gani. Itaonekana tu pale watu wengi wanapopimwa kwa kipimo kimoja na kulinganishwa na wenzao ambao hawakupata dawa.

Hilo linatugusa sisi kwa karibu. Tumesema kwamba mashambulio ya ugonjwa huu mara nyingi huja na kuondoka yenyewe, kama macho ya d'Este yalivyopona. Basi mgonjwa akipelekwa katika chumba cha maombi, au kwa mwenye mizizi, au kwa muuza sindano wa sokoni, wakati shambulio linapoelekea kuisha, atainuka na kutembea, na ushuhuda wake utawakusanya wengine mia. Hakuna aliyesema uongo. Lakini baada ya miezi sita au mwaka ugonjwa unarudi, naye anaambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba, au kwamba mlozi ameongeza nguvu. Fedha za shamba zimekwisha, na miaka ambayo dawa ingemfaa zaidi imepita. Sisi tunaamini katika sala, na hatuoni ugomvi wowote kati ya sala na kipimo. Tunakataa tu kwamba sala itumiwe kama kisingizio cha kutokwenda hospitalini.

Haki inadai tuseme pia kwamba hata watafiti wana watu waliowaacha nje. Katika jaribio hilo la mwaka 2017 walipokelewa wagonjwa kuanzia daraja la 3 hadi la 6 na nusu tu. Aliyekwisha kuketi katika kiti cha magurudumu hakuwa na nafasi, kana kwamba hakubaki na kitu cha kupoteza. Lakini mtu wa kiti cha magurudumu ana mikono, na mkono unaoweza kushika kijiko, kugeuza gurudumu na kumpapasa mtoto ni kitu kikubwa cha kupoteza. Wagonjwa na baadhi ya madaktari walilalamika, na leo Uingereza kuna jaribio liitwalo ChariotMS, lililowekwa kwa ajili ya wagonjwa wa daraja la 6 na nusu hadi la 8 na nusu, likipima kama dawa ya kladribini inaweza kuilinda mikono yao. Tunaona hapo fundisho: mpaka wa hesabu uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuusogeza.

Kuna mpaka mwingine, nao unatuhusu sisi Waafrika. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba sklerozi ya mabaka ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi. Ni kweli kwamba huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Lakini katika utafiti uliofanyika kusini mwa California kati ya mwaka 2008 na 2010, watu weusi walioonekana na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza walikuwa 10.2 katika kila watu 100 000 kwa mwaka, na Wazungu walikuwa 6.9. Wanawake weusi ndio walioongoza. Na tafiti kadhaa za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi hufikia hali ya kutembea kwa fimbo mapema kuliko wenzao. Pamoja na hayo, katika majaribio mengi ya dawa wamekuwa wachache mno. Wakongo wa kwetu si Wamarekani weusi, na hatuwezi kuzihamisha nambari za huko zije kuwa zetu. Lakini yule anayesema kwamba ugonjwa huu haupo kwetu, atuonyeshe daftari alilolitumia kuhesabu. Ili kuuthibitisha huhitajika daktari wa neva na mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, na vyote viwili hupatikana katika miji yetu michache tu. Mahali ambapo hapana taa, hatuwezi kusema kwamba hapana vumbi.

Wengine kati yenu watatupinga: nchi yetu ina vita, Ebola, kipindupindu, watoto wanaokufa kwa surua. Je, ni wakati wa kushughulikia ugonjwa wa watu wachache? Pingamizi hilo ni la haki, na tunalijibu kwa mfano wa hapa hapa Kongo.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukiipooza miguu ya wenyeji wa Kwango. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Konzo si sklerozi ya mabaka, na mwendo wake ni kinyume kabisa: huja ghafula, kwa siku moja au chache, na ulemavu wake hubaki pale pale maisha yote. Hutokana na mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka kabla sumu yake haijatoka, hasa nyakati za njaa na vita. Kivu ya Kusini nayo imeupata. Huko pia wagonjwa waligawanywa kwa kipimo cha kutembea: anayetembea bila msaada, anayehitaji fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea. Watafiti walihesabu kijiji kwa kijiji, wakalinganisha chakula cha waliopooza na cha wengine, hata wakajua chanzo. Katika eneo la Popokabaka akina mama walifundishwa kuulowanisha unga wa mihogo, kuutandaza kwa tabaka jembamba juani kwa saa mbili, ili sumu ipae hewani kabla ya kupika fufu. Njia hiyo haina gharama kubwa, nayo iliwakinga watu. Kama wale waliopooza wangeachwa waitwe waliolaaniwa, na hakuna aliyewahesabu, nani angeufikia ule unga? Ustadi wa kuhesabu ulemavu ni mmoja. Anayejifunza kuutumia kwa ugonjwa wa wachache atautumia pia kwa ugonjwa wa wengi.

Tena, milango haijafungwa. Mwaka 2022 watafiti walitangaza walichokiona katika damu iliyohifadhiwa ya askari wa Marekani, baada ya kufuatilia zaidi ya askari milioni 10: aliyeambukizwa virusi vya Epstein-Barr alikuwa na hatari ya kupata ugonjwa huu mara 32 kuliko asiyeambukizwa. Karibu watu wote duniani hupata virusi hivyo, na walio wengi hawapati ugonjwa huu kamwe. Lakini njia ya kutafuta kinga imeonekana. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za sklerozi ya mabaka katika orodha yake ya dawa za lazima: kladribini, glatirama na rituksimabu. Orodha hiyo haileti dawa katika duka la dawa la mtaani. Inatupa tu haki ya kuuliza kwa nini hazijafika.

Basi, vijana wapenzi, tunawaomba nini?

Kwanza, mchunge ndimi zenu. Neno mvivu lisitoke kinywani mwenu kabla ya kuuliza: tangu lini? Ulikuwa ukifika wapi, na sasa unafika wapi? Pili, kila kikundi kinachotembelea wagonjwa kimsaidie mgonjwa kuwa na daftari lake mwenyewe, kwa ridhaa yake na kwa siri yake, na kuandika tarehe, dalili, muda zilizodumu, umbali aliotembea. Ninyi si madaktari, na msithubutu kutaja jina la ugonjwa wa mtu. Lakini daktari anayeletewa daftari la miezi sita anaanzia mbali kuliko yule anayeletewa machozi matupu. Tatu, jicho likiingiwa na giza, au mguu ukifa ganzi au kulegea kwa zaidi ya siku moja, mtu apelekwe hospitalini, hata kama dalili imeanza kupungua. Nne, mkialikwa kushiriki katika utafiti, msikimbie kwa hofu, wala msikubali kwa upofu. Ulizeni ni nini kitakachofanywa, nani atafaidika, na kama mnaweza kujitoa wakati wowote. Hiyo ni haki yenu. Na walio na kipaji cha hesabu au cha udaktari kati yenu wajue kwamba nchi yetu inawahitaji madaktari wa neva na watu wa kutunza madaftari.

Tano, na hili haligharimu franka hata moja. Kama yuko dada katika kwaya yenu ambaye kilima kimemshinda, msingoje kwanza jina la ugonjwa wake. Hamisheni mazoezi yafanyike chini ya kilima.